Mchuuzi Aliyekataza Machozi

Siku kumi na tisa melini, daraja la tatu, Adla hakumwona yule mama mchuuzi akikaa na mikono mitupu. Vidole vyake, vilivyoota sugu kwa kamba za sanduku alilozunguka nalo Amerika akiuza vifungo na rozari, kama havimenyi karanga basi vinamfinya mtu aliyeanza kulia. Maana alipiga marufuku kulia. "Daktari wa bandarini anatazama macho," alifoka kwa ile sauti yake ya sokoni. "Akiyaona mekundu atadhani una ugonjwa wa macho, unarudishwa Beirut na meli hii hii. Ukimkumbuka mama yako, njoo nikuchekeshe." Hapo huigiza mwendo wa waume walionenepa ugenini, mpaka Adla, anayemfuata mume ambaye hajamwona kwa miaka minne, ajishike mbavu.

New York, daktari aliwageuza kope mmoja mmoja, na watu wa Zahle, mji wao, wakapita wote. Mchuuzi alikuwa wa mwisho. Daktari akamtazama, akamrudia tena, kisha akampungia apite. Hatua chache mbele mama akatua mzigo, akaukalia, akaangua kilio kama mtoto mchanga.

"Vipi tena, mama?" Adla akashangaa. "Si ulitukataza?"

"Niache, binti yangu! Nimeyabana machozi tangu Beirut." Analia, anacheka, anasogea kumpisha kwenye mzigo. "Mumeo amengoja miaka minne, atangoja na dakika mbili. Kaa hapa nawe ulie."