Karani wa Kitabu cha Pete

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata shemeji wa jirani wa mtu fulani. Yalinipata mimi, saa tisa ya mchana, nikiwa mzima wa afya na sijagusa hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu wanadhani mizimu hutembea usiku tu. Nani kawaambia?

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa bwana shamba huku Karagwe. Kazi yangu ilikuwa kutangulia vijijini kwa baiskeli na kuwaarifu wakulima siku ambayo bwana angekuja kukagua mibuni yao. Siku zote hizo nilizitunza ndani ya kitabu cha pete. Unakijua? Jalada la ngozi nyeusi, kinaenea mfukoni mwa koti, na ndani kina pete sita za chuma. Unabonyeza, ta! Pete zinafunguka. Unatoa karatasi ya jana, unaweka ya mwezi ujao, unabana, ta! Bwana shamba wa kwanza niliyemtumikia alinipa kitabu hicho siku aliyoondoka kurudi kwao. Jamani, nilikipenda kitabu kile! Karatasi zake zilipokwisha nilikata nyingine mwenyewe na kuzitoboa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, matundu sita yamenyooka kwenye mstari. Mke wangu Justina alikuwa akinitania, "Ungekuwa unanishika mimi hivyo, ningenenepa."

Sasa shika utaratibu wangu. Jambo nisilolimaliza leo, jioni nililiandika upya kwenye karatasi ya kesho. Hiyo ndiyo raha ya kitabu kile, hakuna kinachopotea. Na kulikuwa na jambo moja nililoliandika kwa penseli nyekundu. Mama yangu aliishi kijijini Rugu, peke yake na migomba yake, na macho yake yalikuwa yanazimika. Jicho moja lilikwisha kufa. Alinitumia salamu kwa mtu wa sokoni: "Mwambie amlete mtoto nimwone, maana sijui hili lililobaki litanivumilia hadi lini." Binti yetu Kokutona alikuwa na miezi mitano, na bibi yake hajamtia machoni.

Nikaandika: *Rugu, kwa mama, na mtoto.* Kazi ikaingilia, nikalihamishia karatasi ya kesho. Mvua ikanyesha, nikahamisha. Bwana akapata wageni, nikahamisha. Lisilowezekana leo linawezekana kesho, nilijiambia. Tena, niamini, kila nilipoliandika upya nilijisikia vizuri kama mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.

Siku yenyewe nilitoka kwangu Igurwa kuelekea vijiji vya upande wa Bweranyange. Nikiwa juu ya kilima mvua ya mawe ikanikuta, na ukungu ukafunika njia. Palikuwa na nyumba ndogo ya serikali ya kupumzikia makarani na mabwana wakiwa safarini. Nikaingiza baiskeli. Ndani hamkuwa na mtu, naapa, palikuwa na benchi moja na dirisha moja. Nikaketi, nikatoa kitabu nipange siku zangu, kwa kuwa kesho yake nilitakiwa Kyerwa pamoja na bwana. Nikabonyeza pete. Ta!

"Zako bado zinalia," mtu akasema.

Alikuwa ameketi upande wa pili wa benchi langu. Mtu wa makamo, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, mtindo wa makarani wa zamani. Nje mvua ilikuwa ikitwanga, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, havina tope hata kidogo. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nisikudanganye, nilikuwa nimeona magotini pake kitabu cha pete, cha zamani kuliko changu, na nilitaka kukiona!

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Hebu lete nikione."

Akakipapasa changu kama mtu anayepima ng'ombe wa mahari. Tukazungumza. Mtu yule alijua habari za vitabu vile kuliko bwana yeyote niliyewahi kumtumikia. Aliniambia kwamba mwanzoni makarani walipewa vitabu vilivyoshonwa, siku zimechapwa humo tayari, na ukichana karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili naye analegea na kuanguka. Wengine wakaanza kufunga karatasi zao kwa kamba za viatu. Katika vita vile vya kwanza akaona wakubwa wa jeshi wana vya pete mifukoni. "Nikasema na mimi lazima nikipate," aliniambia, na uso wake ukang'aa. "Nilimbebea bwana mmoja mizigo mpaka akanipa chake." Nilicheka, maana hata mimi ningebeba.

Nikafanya kama tufanyavyo huku kwa mgeni. Nikatoa kifuko changu cha kahawa ya kutafuna, nikammiminia kiganjani. Alishukuru, akafumba mkono. Hakutafuna. Ukimwona mtu wa huku amepewa kahawa na hatafuni, jiulize maswali. Mimi sikujiuliza, macho yangu yalikuwa kwenye kitabu chake.

Akanipa nikifungue. Karatasi ya kwanza, mwandiko mzuri kabisa wa kikarani: *Bweranyange, kwa mama.* Ya pili, *Bweranyange, kwa mama.* Nikafunua ya kumi, nikafunua za katikati, nikafunua za mwisho. Hamkuwa na neno lingine humo.

"Mzee, na wewe!" nikamtania. "Umehamisha mpaka umemaliza kitabu?"

"Karatasi zimeniishia," akajibu kwa unyonge. "Nigawie moja tu. Ya kesho."

Nikafungua pete zangu, nikampa moja. Akaandika mstari wake uleule, akaipachika, akabana. Pete zake zilifungana mbele ya macho yangu na sikusikia mlio wowote.

"Kwenu hasa ni wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha dirishani. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na ng'ambo ya bonde nikaona migomba na paa la nyasi. "Pale."

"Pale tu? Sasa mvua ikikatika si uende leo?"

"Leo?" Alinitazama kama nimetamka neno la lugha asiyoijua. "Leo sina karatasi yake." Kisha akaniinamia, akauliza polepole, "Na wewe, unahamisha nini?"

Nikatazama kitabu changu. Penseli nyekundu ilikuwa palepale kwenye karatasi ya kesho, chini ya *Kyerwa*. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Kahawa yangu ilikuwa juu ya ubao wa benchi, haijapungua hata punje, na pembeni ile karatasi niliyompa, nyeupe, haina wino. Mlango nilikuwa nimeuzuia kwa baiskeli yangu mwenyewe. Angepita wapi?

Mvua ilipopungua akaja mlinzi wa nyumba, mzee tuliyemwita Ta Kagaruki, amejifunika jani la mgomba kichwani. Nikamweleza mtu niliyemwona. Hakushtuka hata kidogo.

"Ulifungua kitabu cha pete humu ndani?" akauliza. "Basi amekusikia. Huyo alikuwa karani kabla ya vita vya pili. Mama yake aliugua pale ng'ambo, naye kila safari alipopita hapa alilala humu, kila mara anasema atavuka kesho. Mama akafa. Mwaka haukuisha, naye akafa. Sasa huja kuomba karatasi."

"Na watu humpa?"

"Humpa. Wewe hukumpa?"

Kesho yake bwana angenisubiri Kyerwa na wakulima wamekusanyika, na kwa bwana yule kutofika kulikuwa kutafuta kufukuzwa kazi. Lakini nikageuza baiskeli. Nilifika Igurwa nimelowa chapachapa, nikamwambia Justina, "Mvishe mtoto, tunakwenda Rugu." Akaniuliza kama nina homa. Alfajiri tulikuwa njiani.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake. Alitujua kwa sauti, akanyoosha mikono. Justina akapiga magoti kumsalimu, akamweka mtoto mapajani pake. Mama akamshika uso, akampitisha vidole kwenye paji, pua, kidevu. Akamgeuzia kwenye mwanga na kumtazama kwa muda mrefu.

"Eeh, mwanangu," akaniambia, "huyu ni mimi mtupu. Na hilo gauni jeupe, limempendeza kweli!"

Gauni lilikuwa la kijani.

Justina alifungua mdomo, nikamtikisia kichwa. "Ndiyo, mama," nikasema. "Jeupe. Justina amelifua juzi." Nikatoka kwenda migombani kama mtu anayetafuta ndizi, nikalia. Jirani aliyekuwa akimtekea maji akanifuata. Aliniambia kwamba jicho lile la pili lilizimika wiki tatu zilizopita. Siku ya kwanza niliyoshika penseli nyekundu, mama alikuwa bado anaona.

Bwana alinifokea mbele ya wakulima, lakini kazi hakuninyang'anya. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliyepita Rugu alisimuliwa jinsi bibi alivyomwona mjukuu wake kwa macho yake. Kokutona amekuwa mtu mzima akiamini hivyo. Mimi na mama yake hatujamsahihisha.

Vitabu vya pete bado navipenda, usinielewe vibaya, na ukiwa nacho njoo nacho nikione. Ila jina la mtu silihamishi. Nikiona mkono wangu unataka kumpeleka mtu kesho, nafunga kitabu na kuvaa viatu. Fanya hivyo na wewe, maana ukichelewa hakuna atakayekuambia umechelewa. Watakupokea vizuri, watakupakulia chakula, watakusifia nguo ya mtoto, na wewe utaitika ndiyo.