Chupa Niliyoificha Kalenga

Nakumbuka siku moja ya masika, miaka ya sabini, nilivyoangushwa na kinywaji nilichokichagua mwenyewe. Nimeikumbuka jana, mwanangu, ulipopanga mezani zile pakiti zako tano za uji mzito wa sukari wanaokula wakimbiaji, kila moja na rangi yake, ukaniuliza, "Babu, nibebe ipi kwenye mbio za Mbeya?" Nilicheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau hata kidogo. Niliiona chupa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hapa Iringa hakuna aliyekuwa amesikia habari za pakiti kama hizo. Mashindano yalikuwa mbio ndefu, kutoka mjini hadi Tosamaganga na kurudi. Wawili wa kwanza wangekwenda Mbeya kushindana na vijana wa mikoa mingine. Mimi Mbeya sikuwa nimefika, hata Makambako sikuwa nimeivuka. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote, na nyumbani kila mtu alijua, maana niliisema mpaka wakanichoka.

Miezi mitatu nilifanya mazoezi kwa viazi vitamu vya mama. Alivichemsha, akavinyunyizia chumvi, nami nikavifunga kwenye kitambaa na kula kidogo kidogo njiani, nikishushia maji. Miguu haikunikatalia hata siku moja. Lakini wiki ya mashindano nikawaona vijana wa mjini wakilamba glukosi ya unga, ile ya dukani, wakijigamba kwamba inaingia mwilini papo hapo. Nikaanza kuona aibu. Ujana ndivyo ulivyo, mtu anaweza kuona aibu hata kwa kiazi.

Glukosi sikuwa na pesa ya kuinunua, nikaukumbuka ulanzi. Wewe unaujua ule uliochacha tu, wa vilabuni. Ukigemwa asubuhi kutoka kwenye mwanzi bado ni mtamu tupu, hata watoto wanakunywa; sisi tunauita mtogwa. Mjomba wangu alikuwa mgema, na asubuhi ya siku moja kabla ya mbio nilimwomba anijazie chupa. Akaujaza kwenye chupa tupu ya bia, akanionya: "Unywe sasa hivi, mpwa wangu. Ukikaa huo, unabadilika."

Nilisema ndiyo kwa mdomo tu, kichwani nilikuwa na mpango wangu. Nilikwenda mpaka karibu na Kalenga, nikaiziba chupa kwa gunzi la hindi, nikaligongea kwa jiwe, kisha nikaizamisha kwenye tope la kijito kando ya barabara. Maji yale yalikuwa baridi ya kukata vidole. Nikajiambia ubaridi utautunza mpaka kesho.

Kesho yake nilikimbia vizuri, hilo sitakuficha. Tuligeuka Tosamaganga nikiwa wa pili, na wa tatu simwoni hata nikitazama nyuma. Nilipofika kijitoni nikachepuka, nikaifukua chupa. Nilipoligusa tu gunzi likaruka lenyewe, povu likanimwagikia kifuani. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nilikunywa yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba chupa ile ndiyo itakayonipeleka Mbeya.

Mlima wa kuingia mjini ndio ulionimaliza. Tumbo lilijaa gesi likakaza, kwikwi zikanibana, kichwa kikawa chepesi. Nilitapika mara mbili kando ya barabara na watu watatu wakanipita. Nilifika wa tano, nayumba na kunuka ulanzi, mbele ya mama yangu aliyekuja na wenzake wa kwaya ya Kilutheri, wamevaa khanga za sare. Mama alinifuta uso, akanusa, akawageukia wenzake. "Mtoto anaumwa," akasema. Aibu ile, mwanangu, naisikia mpaka leo.

Mjomba alikuja jioni. Nilijua atanifokea, lakini alivuta kigoda akakaa.

"Viazi vya mama yako vilikukosea nini?"

"Havikunikosea, mjomba."

"Na huo ulanzi, uliwahi kukimbia nao hata siku moja?"

"Hapana."

"Ulipofungua ukaona povu. Uliuonja kwanza?"

"Nilikunywa tu."

"Basi usiseme ulanzi umekuangusha. Ulanzi umefanya kazi yake. Wewe ndiye hukufanya yako."

Mbeya nilikuja kufika miaka mingi baadaye, kwa basi, nimetumwa kikazi. Nilipomaliza shughuli nilikwenda uwanjani, nikaizunguka njia ya kukimbilia mara moja, kwa viatu vya ofisini. Mlinzi alinitazama, akaniacha.

Sasa turudi kwenye pakiti zako. Majina yake siyajui na sitajifanya nayajua. Beba ile uliyokwisha kukimbia nayo kwenye vilima vya hapa, zaidi ya mara moja, tumbo likatulia. Iliyo mpya iache nyumbani, hata kama bingwa ameisifu. Soma maandishi ya nyuma. Nyingine zina kafeini kama ya kahawa, na wewe kahawa inakutetemesha mikono. Angalia na tarehe ya mwisho. Anza kula mapema kabla nguvu hazijakuishia, kidogo kidogo, na ushushie maji, maana utamu mzito bila maji unakaa tumboni kama jiwe. Ukisikia ladha imebadilika, tema. Na kama zote tano hazipatani nawe, bibi yako bado anajua kuchemsha viazi, usione haya kumwomba.

Mungu akutangulie barabarani, akupe tumbo tulivu na pumzi ya kupandia mlima. Na ukivuka mstari kule Mbeya, mwanangu, usisimame hapo hapo. Kimbia hatua chache zaidi. Hizo ni zangu.