Siku Niliyopigwa Bomba

Mkinicheka nitavumilia, maana hata mke wangu hajaacha kucheka.

Huyo mke, Somoe, ni muuguzi hapa Kilwa. Wiki ile alikuja dresa mmoja mtanashati, msaidizi wa daktari, katumwa na serikali azunguke na daftari kuandika wagonjwa wanavyouguzwa: Lindi, Mtama, kwa mapadri Kipatimu, na sasa kwetu. Somoe akirudi nyumbani, habari ni hiyo hiyo. "Bwana Dresa kasema mikono yangu miepesi, hajaona mfano wake." Mimi sahani ya wali naisukuma kando.

Siku ya tatu nikajipeleka wodini nimeshika tumbo, nagumia kama niliyekula pweza mbichi, ili nilazwe niwachunge vizuri.

Somoe akanitazama, akamgeukia dresa. "Huyu kakosa choo. Tumpige bomba."

Nikadhani bomba ni sindano, na sindano naiweza. "Nipigeni," nikasema kidume.

Wakavuta pazia, nikaambiwa nilale ubavu, nifungue msuli. Maji ya sabuni yalipoanza kuingia, tena kwa huko nyuma, nililia wodi nzima ikasikia. "Somoe, siumwi mimi, ni wivu tu!"

Dresa akaacha kuandika. "Sista, unamjua mgonjwa huyu?"

"Mume wangu. Asubuhi kala mihogo sahani mbili."

Nilipotoka chooni, dresa alikuwa ananingoja mlangoni na daftari lake.

"Pole, shemeji," akasema. "Nimezunguka kote huko naandika matibabu. Dawa ya wivu nimeikuta kwenu tu."