Mlango Tulioimbia Mwika

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika historia ya kwaya yetu, nilijiona nimefika. Nimekuwa katibu miaka kumi na minane, mwandiko wangu unasomeka, na sina simile na mtu anayechelewa mazoezi. Nani mwingine wangempa? Nikatia daftari la mahudhurio kwenye mkoba, nikatoka kwangu Njoro, nikapanda mlimani hadi Mwika kuwatafuta waanzilishi.

Walikuwa wanawake saba waliozoea kuimba wakichuma kahawa, mpaka mchungaji akawaomba waimbe na kanisani. Kati ya hao saba amebaki mmoja tu, na ndiye niliyekuwa sitaki kumwona. Aliimba sauti ya pili. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga mstari mwekundu juu ya jina lake.

Tuna desturi yetu. Mwimbaji akikosa mazoezi Alhamisi tatu mfululizo, kwaya nzima huenda kwake kumrudisha. Hatupigi hodi. Tunajipanga uani, tunaimba wimbo wa kwanza kabisa wa kwaya, na kwenye ubeti wa pili tunanyamaza ili yeye aingize sauti yake kutoka ndani, kisha atoke akiimba. Akitoka yameisha, hakuna kuulizana ulikuwa wapi. Asipotoka, amejitoa mwenyewe. Nimeshuhudia watu wazima wakitoka huku wanalia, unga bado uko mikononi. Nilikuwa najivunia sana desturi hiyo.

Kwake tulienda miaka sita iliyopita. Tuliimba, tukanyamaza, tukangoja. Moshi ulikuwa unatoka jikoni nyuma ya nyumba, kwa hiyo yumo. Tukarudia. Kimya. Nilikasirika sana. Baadaye nilimwona sokoni, nikamwamkia shikamoo kwa nyuma, akapita zake. Basi nikamtangazia kila aliyetaka kusikia kwamba mama yule ana kiburi, na kwa kuwa siku hizi anasali usharika mwingine, hakuna aliyenibishia.

Safari hii nilimkuta kwenye banda la ng'ombe, katikati ya migomba ya kihamba chake, shamba lake la nyumbani, anakata majani, kanipa mgongo.

"Hodi!" Kimya.

"Shikamoo, mama!" Kimya.

Hasira zile za zamani zikanipanda. Nikaenda nikamgusa bega. Akaruka, panga mkononi, nusura anikate.

"Yesu wangu! Umenishtua, mwanangu!" Alisema kwa sauti kubwa mno, kisha akagusa sikio. "Haya hayafanyi kazi. Niliugua homa kali, nilipoinuka yakawa yamekwisha. Wewe niandikie, nitasoma."

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya ng'ombe wake, nikatoa daftari mkobani nikaliweka mapajani. Hakuwa na haja ya kuniambia aliugua lini. Nilianza kuhesabu Alhamisi zile tatu kichwani, na kila nilipofika ya tatu narudi kuanza upya.

Yeye hakungoja niandike. "Nilikuwa nawasubiri, unajua. Alhamisi ya tatu ilipopita nikapika machalari sufuria kubwa, ndizi na nyama, nikasema leo wanakuja. Nikapika na kesho yake. Nakoroga, nakwenda kuchungulia uani, narudi jikoni. Hamkuja. Nikasema basi, wameshasikia kwamba mimi ni kiziwi. Kwaya itamfanyia nini kiziwi?"

Aliyasema bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza.

Kisha akalichukua daftari kwenye mapaja yangu ili anitafutie ukurasa mtupu. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikachelewa. Lilifunguka penye ule mstari mwekundu, na chini yake mwandiko wangu unaosomeka: *Tulimwimbia mara mbili. Yumo ndani. Amekataa kutoka.*

Alisoma midomo ikicheza. Akarudia. Ng'ombe akavuta majani, na mimi nikaona aibu hata ya kupumua.

"Mlikuja," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mkanyamaza kwenye ubeti wa pili? Mkaningoja?"

Nikakubali tena. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Akaweka panga chini, akafumba macho, akaiimba sehemu yake ya ubeti wa pili, yote, pale bandani. Hakuwa tena na masikio ya kumwongoza. Sauti ilipanda ikashuka vibaya, lakini hakuacha neno hata moja. Alipomaliza alitazama nyumba yake, halafu akanitazama mimi.

"Mlango niliurudishia tu, mwanangu," alisema. "Sikuufunga. Nilijua sitawasikia, nikasema wataingia."