Mgeni wa Miwa

Dalmas Oketch aliendesha trekta la miwa huko Muhoroni, na trekta hilo alilijua kuliko alivyowajua watoto wake. Msinielewe vibaya, hakuwa baba wa kukimbia nyumba. Karo alilipa, unga haukukosekana, na kila alipopata Jumapili ya mapumziko alishuka Kisumu, mtaa wa Nyalenda, na mzigo wa miwa begani. Lakini trekta likikohoa alijua linaumwa wapi. Kitinda mimba wake Benta, aliyekuwa na miaka mitano, akinyamaza, Dalmas hakujua lolote.

Na Benta alimnyamazia sana. Siku moja alikuwa akicheza nje, akamwona baba yake akikata kona, akakimbia ndani akipaza sauti, "Mama! Ule mgeni wa miwa amekuja!" Dorca, mama yake, alimziba mdomo kwa kiganja, naye Dalmas akajifanya hakusikia. Alisikia vizuri sana. Alirudi nalo Muhoroni neno lile, likamkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Kusema kweli, mtoto hakukosea. Dalmas akifika, nyumba nzima ilishika adabu. Redio ilipunguzwa sauti. Watoto walimwamkia mmoja mmoja, wakapokea miwa, wakasema asante, wakayeyuka. Aliletewa chakula sebuleni, juu ya kitambaa alichodarizi Dorca mwenyewe, pamoja na beseni la maji ya kunawa. Alikula peke yake kama bwana mkubwa, huku mkewe na watoto wakila jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Ndivyo alivyokula baba yake kule Kano, karibu na Ahero, na hakuna aliyewahi kumwambia Dalmas kwamba heshima ya namna hiyo ina upweke wake. Hilo alijigundulia mwenyewe, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka 1993 Valentaini iliangukia Jumapili, na Dalmas akaikuta nyumba imetapakaa vipande vya karatasi nyekundu. Mwalimu wa watoto kanisani alikuwa amewaeleza kwamba siku ya upendo si ya wale wanaoshikana mikono barabarani tu. Kila mtoto awatengenezee mioyo watu anaowapenda nyumbani. Oduor, kifungua mimba, alikuwa akichora, Selpha anakata, na Benta anapaka ugali wa jana uliolowekwa, maana gundi nani atanunua? Walipomwona baba yao wakasimama. Karatasi zikaenda nyuma ya migongo, na maamkizi yakaanza.

Dalmas akaketi, akatembeza macho. Dorca alikuwa na moyo kwenye leso. Jirani yao Zeituni alipita dirishani akicheka, na wake ameubandika kwenye buibui. Hata jogoo wa Zeituni alikuwa na kipande chekundu mkiani. Dalmas akaangalia shati lake. Halikuwa na kitu. Mtu mzima, dereva wa trekta, anamwonea wivu jogoo! Alijikemea, lakini wivu haukuondoka. Alitaka mmoja, na aliutaka kutoka kwa Benta.

Dorca akaleta samaki wa ngege na ugali, akarudi jikoni. Muda si muda vicheko vikaanza huko. Benta alikuwa akisimulia jambo, hadithi ndefu isiyo na kituo, na wenzake wanashika mbavu. Dalmas hakujua kwamba mtoto yule anaweza kusema maneno mengi namna hiyo. Akalirudisha tonge sahanini. Akabeba sahani yake, akavuka ua, akainama kuingia jikoni.

Kicheko kikakatika. Dorca akaruka juu.

"Baba Oduor, ni nini? Chakula haina chumvi?"

"Iko na chumvi."

"Sasa umekosa nini huko?"

Angeweza kusema maji. Maji yangemwokoa. "Nimekosa watu," alisema.

Oduor akampisha kwenye kigoda, na Dalmas akaketi, magoti yakikaribia kidevu. Kila mmoja akainamia sahani yake. Kile kimya cha sebuleni kilikuwa kimemfuata hadi huku, na Dalmas akaona amewaharibia watoto sherehe yao. Iliuma. Kukaa kulikuwa kugumu, na kuondoka kungekuwa aibu.

Kwa kukosa la kufanya, akauvuta muwa mmoja uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akaumenya kwa meno, maganda yakiruka. Kisha akashika kisu, akaukata vipande vidogo vya kutosha mdomo mdogo, akamnyooshea Benta. Miaka yote alikuwa akileta miwa mizima, kazi ya kumenya akimwachia mama yao. Benta akapokea, akatafuna, maji yakamchuruzika hadi kidevuni.

"Kumbe Baba unajua kumenya," alisema.

"Najua. Hata watoto wenye maneno mingi najua kuwamenya."

Selpha alijaribu kujizuia, akashindwa. Oduor naye akacheka. Benta akaomba kipande kingine, akakimaliza, halafu akaenda pembeni palipokuwa na sufuria imelazwa kifudifudi. Akaiinua. Chini yake palikuwa na moyo mwekundu, mkubwa kuliko yote aliyoiona Dalmas siku ile, umepinda upande mmoja.

"Hii ni yako. Nilikuwa nangoja umalize kukula. Mama alisema Baba akikula hasumbuliwi."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza unaendanga Muhoroni."

Dorca akageukia moto, akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Benta akachota ugali kutoka kwenye sahani ya baba yake, akaupaka nyuma ya karatasi, akambandika kifuani, akapigapiga kwa kiganja mpaka ukashika. Dalmas alipumua polepole, usije ukabanduka.

Aliporudi tena mvua zilikuwa zimeanza. Aliitua miwa mlangoni, na kwa mazoea akaketi sebuleni kungoja beseni. Benta akachungulia, mikono kiunoni.

"Baba, hapo ni ya wageni," alisema. "Kuja jikoni."

Dalmas akainuka, akaubeba mzigo wake wa miwa, akamfuata.