Rafu ya Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ya mji, na kazi ile ilimganda mpaka ikawa jina lake. Hata majirani ambao hawajawahi kuumwa jino walimwita Masjala. Alipostaafu aliiacha ofisi, lakini jina likamfuata nyumbani.

Na alistahili kuitwa hivyo. Mle ofisini kulikuwa na rafu tatu, na ole wake aliyezichanganya. Ya kwanza ilikuwa ya wagonjwa wanaoendelea na matibabu. Ya pili ilikuwa ya waliofariki. Ya tatu, iliyokaa chini ya dirisha, aliianzisha yeye mwenyewe, na kila mganga mkuu mpya alijaribu kuiondoa akashindwa. Ilikuwa ya watu waliopewa tarehe ya kurudi wasirudi. Makarani wenzake walisema mtu akipotea miaka mitano mpeleke kwa marehemu yaishe, nafasi yenyewe finyu. Masjala alikuwa anakuja juu kama maziwa jikoni. "Maiti umemwona? Umemzika wewe? Basi andika ulichokiona!" Na juu ya kila jalada la rafu ile aliandika kwa wino mwekundu neno moja tu: Hajarudi.

Watu walidhani ni ukaidi wa kazi. Hawakujua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na jalada la namna hiyo, ingawa halikuwa na karatasi.

Lilikuwa la mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, aliyeitwa Kifungo na mama na dada yake, bila baba kujua sababu, tangu siku alipomeza kifungo cha shati la baba akiwa na miaka mitatu. Mama alikisubiri siku mbili kwa saburi na beseni, akakiosha, akakishona palepale kilipotoka, na baba akaenda nacho kazini miaka yote bila kujua kilikopitia. Siri hiyo waliijua watu watatu: mama, Masjala, na Kifungo mwenyewe alipopata akili. Kila baba akivaa shati lile, watatu hao walikuwa hawatazamani mezani, maana wakitazamana tu kicheko kinawapalia.

Baba hakuwa mtu wa kucheka. Kifungo alipofikisha miaka ishirini na minne aliacha kazi aliyotafutiwa na baba, kazi nzuri ya ofisini, akasema anataka kwenda kujifunza uchongaji wa mawe. Baba akamwambia mbele ya wote, kijiko kikiwa mkononi: "Kuanzia leo, kwangu mimi umekufa." Ulimi hauna mfupa. Kifungo alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake, akatoka na begi moja. Miaka ishirini na miwili ikapita bila barua wala simu. Baba naye akafariki bila kuifuta kauli ile, na mimi sijui kama ni kwa kiburi au kwa kukosa mtu wa kumfutia.

Mwaka huu mama alifikisha themanini na minne, na moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari alisema ni miezi, si miaka. Asubuhi moja Masjala alikuwa anamkata kucha, mama akauliza ghafla:

"Siku hizi watu wanatafutana kwenye simu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu hujitafuta mwenyewe. Hata mimi ningekuwa na simu kama yako ningejitafuta nione wanasemaje. Muweke huko mdogo wako. Muweke na sura yake na jina lake. Akijitafuta, atatukuta sisi."

Ndivyo tovuti ya ukoo ilivyoanza, na wanaodhani Masjala alikuwa anatafuta mababu hawakuelewa kitu. Mababu walikuwa wasindikizaji tu. Aliyetafutwa alikuwa mmoja.

Alikwenda kwa Fundi, mwanamume mwenye upara na maneno mengi, aliyekuwa akitengeneza kompyuta kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Fundi alimwonyesha programu tatu, akazisifu zote kama anayepatana mahari ya binti zake. Masjala alikaa na daftari lake magotini, akauliza swali lilelile kila mara: "Rafu ya tatu iko wapi?"

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa mtu anayependa mambo yake yakae ndani. Kila kitu kilihifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, mgeni hana pa kuchungulia. "Sasa huyo mtu ataniona kwa dirisha gani?" akasema Masjala, akaipiga mstari.

Ya pili ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Unaingiza majina leo, kesho yanapatikana kwa yeyote anayetafuta. Ila kila mtu alilazimika kuwa mmoja kati ya wawili: Hai, au Amefariki. Na walio hai programu iliwaficha. Mgeni alionyeshwa kivuli cha kijivu kisicho na sura, chini yake pameandikwa: Mtu aliye hai.

"Ni kwa usalama, dada yangu," Fundi alieleza. "Wezi wa majina ni wengi."

"Kwa hiyo anayeonekana ni maiti peke yake?"

"Ukitaka kusema hivyo, ndiyo."

Nayo akaipiga mstari.

Ya tatu ilitengenezwa na watu wa kujitolea. Ilikuwa kama kitambaa cha jora, unakata upendavyo. Mtu angeweza kuonyeshwa akiwa hai, na kwenye hali yake ukaandika neno lolote ulitakalo. Shida ni kwamba ilibidi isimikwe kuanzia msingi, na Fundi alihesabu wiki sita, ikiwa umeme hautamchezea. Masjala akafunga daftari. "Hiyo hiyo. Anza leo."

Alichagua vizuri. Nalisema hili mapema ili asije mtu akasema hakujua alichokifanya.

Wiki ya pili haijaisha, mama akaanguka mlangoni mwa bafu. Daktari aliyekuja hakutaja miezi tena. Masjala alisimama kwenye korido na taulo la mama mkononi, akahesabu wiki nne za Fundi zilizobaki, hesabu ikakataa. Mchana ule ule akafungua ile programu ya pili, iliyokuwa inatolewa kwa majaribio ya siku thelathini, akaanza kuingiza watu. Baba: Amefariki. Mama: Hai, akageuka kivuli. Yeye mwenyewe: Hai, kivuli. Akafika kwa Kifungo. Akabofya Hai, na mdogo wake akafutika sura hapo hapo, akabaki umbo la kijivu kama wengine.

Akampigia Fundi simu. "Nitamweka kwa marehemu. Kwa muda tu, mpaka yako ikamilike."

Fundi akauliza: "Dada, wewe si ndiye uliyeniambia habari za rafu?"

"Niliyekwambia ni mimi, na anayeharakisha ni mimi."

Akabofya. Ukurasa ukafunguka: jina lake lote, picha yake akicheka, na chini yake neno Marehemu. Masjala akapiga moyo konde, akaandika katika nafasi ya maelezo: *Si kweli, mdogo wangu. Nimeandika hivi ili uonekane. Mama anaumwa, anakuulizia kila siku. Andika, au uje.* Akausoma ukurasa mara tatu, maneno yake yako wazi, akaridhika.

Siku ya tisa, asubuhi, alikuta ujumbe kwenye sanduku la maoni.

*Nimejitafuta, nimejiona. Miaka yote nilidhani ni maneno ya baba peke yake. Kumbe na wewe, dada. Na mama pia. Juzi nilisikia baba hayupo, nikaanza kujiandaa kuja. Basi, msisumbuke. Marehemu harudi. — Kifungo.*

Kwanza alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alipiga kelele ya furaha peke yake sebuleni, kwa sababu yu hai, yu hai! Kisha akausoma tena kuanzia juu, akatoka mbio.

Alikwenda kwa Fundi na viatu visivyofanana. "Maelezo si yapo chini ya picha? Hakuyaona?" Fundi akafungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, kama mgeni yeyote asiye mwenye tovuti. Palikuwa na jina, picha na neno Marehemu. Basi. Maelezo, katika siku za majaribio, yalionekana na mwenye tovuti peke yake. Masjala alikuwa amejiandikia barua, akaisoma mwenyewe, akaridhika nayo.

"Mjibu, Fundi. Mjibu sasa hivi."

"Hakuacha anwani, dada. Sina pa kumpata."

Masjala alibadilisha, akamrudisha mdogo wake kwa walio hai, na programu ikamficha papo hapo. Kwenye ukurasa wa mbele akaandika kwa herufi kubwa kwamba kosa ni lake, mama hana habari, arudi. Lakini mtu akishajikuta makaburini, harudi kulitazama kaburi lake mara ya pili. Masjala alilijua hilo, ndiyo maana alilia pale dukani mpaka muuza vioo akaleta kiti.

Mama alikuwa anauliza kila asubuhi, kabla ya kumeza vidonge. Asubuhi iliyofuata akauliza pia.

"Ameandika?"

"Ameandika, mama."

Mama akakishika kitanda kwa mikono yote miwili. "Anasemaje?"

"Kajiita Kifungo."

Mama alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, akaomba maji. "Anakuja?"

"Amesema alianza kujiandaa."

Hakukuwa na uongo hata mmoja katika majibu yale, na katika miaka thelathini na mmoja Masjala hakuwahi kuandika kitu kibaya kama hicho.

Mama aliagiza kitanda kigeuzwe kielekee mlango. Aliagiza lile shati la baba litolewe sandukuni, litundikwe kwenye kiti, ili Kifungo akiingia alione kwanza wacheke. Akangoja siku kumi na moja. Kila mlango wa nje ulipolia aliinua kichwa, na alipokuwa hawezi tena kukiinua aliinua kidole. Ya kumi na mbili, mchana, muuza mkaa alibisha hodi, na kidole hakikuinuka.

Siku mbili baada ya mazishi Masjala aliketi mbele ya kompyuta. Programu, isiyojua lolote, ilimkumbusha kwamba bado siku saba za majaribio. Akafungua ukurasa wa mama, akaenda kwenye swali lile la hai au amefariki. Safari hii maiti alimwona, na kumzika alimzika. Akabofya.

Kile kivuli kikaondoka, na mama akatokea mbele ya dunia nzima, sura yake, jina lake na miaka yake, kwa yeyote atakayetafuta. Chini yake programu ikapanga watoto wake wawili, ubavu kwa ubavu, wote wa kijivu, wote hawana sura.

Mtu aliye hai. Mtu aliye hai.