Fundi Makopo na Habu ya Kushoto

Mwaka wa tisini na tano, ukiuliza pale Mbinga mjini njia ya kwenda kwa Hyasinti Ndunguru, watu wangejikuna kichwa. Ukiuliza kwa Fundi Makopo, hata mtoto wa chekechea angekusindikiza hadi mlangoni. Jina hilo alilipata kwenye gereji ya ushirika, enzi ambazo ukiagiza beringi unaletewa barua ya kukuomba uvumilivu. Kikombe cha beringi kikianza kucheza ndani ya habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachoshika gurudumu, Hyasinti alikata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akauzungushia kikombe, akakigonga kirudi mahali pake. Gari likaondoka. Akina mama walimwekea makopo matupu, na Jumapili moja padri alimtaja kwenye mahubiri kuwa mfano wa mtu anayetumia akili aliyopewa. Tangu siku hiyo Hyasinti alitembea kifua mbele kidogo, na nani angemlaumu.

Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia na magari mapya, maduka ya spea yakaota Songea, na gereji ikafungwa. Hyasinti alihamishia nyundo zake na makopo yake kwenye banda lake mwenyewe, kando ya barabara ya Matiri. Mteja wake mkubwa alikuwa chama kidogo cha wakulima wa huko milimani, chenye Land Rover moja ya mwaka wa sabini na nne. Gari hilo lilibeba kahawa, mbolea, wajawazito, maiti na kwaya. Lilishuka ziwani na mahindi, likapanda na dagaa.

Mwezi wa saba, Wilfred, dereva wa chama, alikuwa anashuka Mbamba Bay na akina mama sita nyuma. Kwenye kona moja ya mteremko gurudumu la mbele la kushoto likaanza kuyumba, kisha likatoa moshi. Wilfred aliliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, akawashusha akina mama mmoja mmoja, na hakuna aliyekwaruzwa. Shukrani aliyopewa ni kusimamishwa kazi. Kamati ya chama ilisema gari limevunjika kwa kukimbizwa, na kwamba hatima ya Wilfred itaamuliwa siku gari litakapopona.

Land Rover ilivutwa na lori hadi kwa Hyasinti, naye akaifungua siku hiyo hiyo. Alipochomoa habu, kikombe cha beringi kilidondoka chenyewe kwenye vumbi. Tundu lake lilikuwa limelika hadi kuwa na umbo la yai. Na katikati ya grisi nyeusi alikuta kipande cha bati kilichopondeka, rangi ya kopo ikiwa bado inaonekana upande mmoja. Aliangalia huku na huku, akakitia mfuko wa ovaroli, akaenda kunawa mikono ingawa kazi haikuwa imeisha.

Alikumbuka vizuri alipokiweka. Ilikuwa miaka minne nyuma, na alisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni ya muda tu, mpaka habu mpya ipatikane. Habu mpya zilipojaa madukani hakuna aliyekumbuka, na yeye hakukumbusha. Kukumbusha kungekuwa kukiri kwamba duka la Songea linaushinda mkono wake. Zaidi ya hapo, mwezi wa nne Wilfred alimjia akisema gurudumu linanguruma, naye akamjibu, "Mwanangu, gari hili limezeeka. Liache lilalamike."

Songea habu za aina hiyo zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mpya ilichukua wiki tatu kufika kutoka Dar es Salaam. Wiki hizo zote Wilfred alipita bandani kila asubuhi, akielekea kulima ngoro, yale mashamba ya mashimo ya mlimani, za baba mkwe wake, jembe begani.

"Shikamoo, fundi. Imefika?"

"Marahaba. Bado."

Watu walishaanza kumwita Wilfred Mbio. Mtoto wake alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Hyasinti alisikia yote hayo, na kila aliposikia alitafuta nati ya kukaza.

Siri aliigundua mkewe. Bonifasia alikuwa anafua ovaroli, bati likamkata kidole. Alilileta mezani, akaliweka mbele ya sahani ya mumewe.

"Baba Hilda, hili ni la lile gari?"

Hyasinti alimega ugali, akauchovya kwenye mchuzi.

"Nimekuuliza."

"Ndilo."

"Na Wilfred?"

"Kamati haijaamua bado."

"Sikukuuliza habari za kamati," Bonifasia alisema, akaondoka na maji yake ya kufulia. Kwa siku tatu alimpa chakula na salamu, basi. Hyasinti alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa nyumbani, kwa hiyo siku hizo tatu zilimchoma kuliko alivyokubali.

Habu ilishuka kwenye basi la Songea siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi Hyasinti aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapandisha jeki, na Wilfred akavua shati kumsaidia bila kuombwa. Walisafisha ekseli kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Vikombe vipya vya beringi Hyasinti aliviingiza kwa kugonga pole pole, huku na huku, asiviinamishe upande mmoja. Kwanza nyundo ililia kama inagonga debe, kisha sauti ikawa nzito, na hapo akajua kikombe kimekaa. Kilikaa kwa kubana, chuma kwa chuma. Hakuna bati lolote ambalo lingeweza kupita hapo, hata unywele. Alisimama akiitazama habu ile kwa muda, na moyoni alisikia wivu, wivu wa wazi kabisa, juu ya kipande cha chuma.

Alisukuma grisi ndani ya beringi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Akaweka sili ya kuzuia grisi isivuje, akavisha habu, akakaza nati huku Wilfred akiizungusha, kisha akailegeza kidogo ili beringi zipumue, akaifunga kwa washa yake, ile pete ya kuizuia isilegee zaidi. Dramu ya breki ikarudi, tairi likarudi. Wilfred alilishika juu na chini, akalitikisa. Halikucheza.

"Sasa najua," Wilfred alisema. "Mwezi wa nne lilikuwa linacheza hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili. Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomshinda Hyasinti kulibeba.

Saa tisa kamati ilikuja bandani, watu watano, mbele yao mwenyekiti Mzee Protasi Kapinga na fimbo yake. Mzee alitikisa gurudumu, akaridhika, akamgeukia Wilfred.

"Gari limepona. Sasa tuzungumze habari zako, maana chama hakiwezi kununua habu kila dereva akiwa na haraka."

"Mwenyekiti," Hyasinti alisema, "shikamoo tena. Naomba niseme mimi kwanza."

Alilitoa bati na kulikabidhi. Akaeleza lilipotoka, nani aliliweka na lini, na jinsi Wilfred alivyoleta habari za mngurumo akarudishwa. Akasema kwamba kona ile ingekuwa mikononi mwa mtu mwingine, wale akina mama sita wangezikwa. Alizungumza kwa kifupi.

Mzee Protasi aligeuza bati mkononi. Hakumkaripia. Aliuliza tu, "Mangapi mengine?"

Swali hilo Hyasinti hakuwa amejiandaa nalo. Wiki tatu zote alikuwa amefikiria gari moja. Akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vikaisha: trekta la seminari, pikapu mbili za hapo mjini, gari la mwenye mashine ya kusaga, na lile lori dogo la Kingerikiti linalobeba watu siku za mnada. Mkono wa pili alifika kidole cha tatu, akasimama.

"Manane yanayotembea," alisema.

"Basi anza leo," Mzee Protasi alisema. "Wilfred, mchukue. Funguo hizi hapa."

Walipanda garini wawili. Hyasinti alikuwa amesuka maneno ya kuomba radhi, lakini lililotoka lilikuwa moja tu. "Samahani, Wilfred."

Wilfred hakuwasha gari mara moja.

"Kila usiku nimeirudia ile kona kichwani, fundi," alisema. "Mwendo wangu, gia yangu, mguu wangu wa breki. Juzi nikamwambia mke wangu kwamba ni kweli, nilikimbiza. Nilishaamini."

Wilfred akawasha, wakashika njia ya Kingerikiti. Aliendesha pole pole, mikono miwili imekamata usukani, na hata walipofika sehemu iliyonyooka, barabara ikiwa tupu, hakuthubutu kuingiza gia ya nne.